Tairi ya nyuma ya Boxer imeisha, nimeambiwa 4,600: ni bei ya haki ama naibiwa?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni boda wa Gongoni, nina Boxer 150. Tairi ya nyuma imekuwa kipara katikati na pancha haziishi, wiki hii pekee tatu na kila moja ni soo, shilingi mia. Nimeulizia Malindi mjini, duka moja wamenambia 4,600 na kila kitu, jamaa mwengine kule sokoni akanambia 2,800, na kuna kijana hapa kwetu anasema anichongee meno kwa 500 nisukume mpaka mwezi ujao. Hii ya sasa nilinunua mpya na haijafika hata miezi mitano, nami naitia upepo mpaka PSI 45 manake nabeba chumvi na abiria. Nichukue ipi, na mbona zaisha haraka hivi? Na nibadilishe zote mbili ama?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo ya 500 kwa sababu ndio rahisi kuijibu, achana nayo. Kuchonga meno ni mtu kuchukua kisu cha moto akachimba mifereji mipya kwenye tairi ambayo raba yake imeshakwisha, sasa anachimba nini hapo? Chini ya meno kuna raba nyembamba tu, chini ya hiyo raba kuna nyuzi, na nyuzi ndizo zinazoshika upepo wote na mzigo wote. Kuna tairi za lori zimewekwa raba ya ziada chini makusudi kwa kazi hiyo, na zimeandikwa ubavuni REGROOVABLE. Ya pikipiki yako haina hiyo raba. Kisu kikigusa nyuzi maji yataingia, na kwenu huko maji yenyewe ni ya chumvi, zinaoza polepole wewe huoni, halafu siku uko na mama na mtoto wake juu ya daraja la Sabaki ndio tairi inapasuka. Na hata isipopasuka, mwezi ujao utanunua tairi ileile kwa bei ileile, na 500 ishakwenda.

Haya, 4,600 na 2,800. Hapo watu wengi wanakosea wakidhani ni bei mbili za kitu kimoja kwa hiyo mmoja lazima awe mwizi. Uliuliza hiyo "kila kitu" ni kitu gani? Wateja wangu wengi huona haya kuuliza, mtu anaambiwa jumla anaanza kulilia jumla, "nipunguzie bwana", bila kujua anapunguziwa nini, na muuzaji naye hapunguzi faida yake, anachofanya ni kutoa kitu kimoja ndani ya ile kazi, na mara nyingi kitu anachotoa ni tyubu. Mwambie akutajie kimoja kimoja. Kwa bei nizionazo hapa mjini siku hizi, 4,600 huja kama hivi: tairi yenyewe 3,300, tyubu mpya 500, mkanda wa rimu ule wa kufunika vichwa vya spoki soo, kufunga 300, hapo umefika 4,200 na kuna 400 imebaki haina mwenyewe, na karibu kila mara hiyo ni breki shuu. Si vibaya kubadilisha breki shuu wakati gurudumu liko chini manake kazi ya kufungua umeshailipia, ila uzione kwanza za kwako, zikiwa zimebaki nene hakuna haja, zikikaribia milimita 2 toa hiyo 400 bila kelele. Ile 2,800 nayo huwa ni tairi ya 2,200, tyubu ya 400 na kufunga 200, ama ni tairi ya 2,600 na kufunga na tyubu ni ileile yako yenye viraka. Hiyo ya pili ikatae kabisa, ntakwambia sababu mbele.

Kwa hiyo ukitoa breki shuu unalinganisha 4,200 na 2,800, na tofauti kubwa iko kwenye tairi yenyewe, ngiri moja na soo moja, yaani 1,100. Hiyo ngiri inanunua nini? Jibu limeandikwa ubavuni, usimsikilize muuzaji soma mwenyewe.

Cha kwanza ni saizi. Boxer yako nyuma inavaa 3.00-17, mbele 2.75-17. Namba ya mwanzo ni upana kwa inchi na 17 ni rimu. Pikipiki nyingi za Kichina zinavaa 18, na duka likiishiwa 17 kuna kijana atakwambia "inaingia tu", tairi ya 18 haiwezi kukaa kwa rimu ya 17 lakini tyubu ya 18 inaingia ndani ya tairi ya 17, na ndio balaa yenyewe, inajikunja ndani, pale ilipojikunja inajisugua, wiki mbili ushapata pancha na huoni msumari wala mwiba. Kwa hiyo hata tyubu soma namba yake.

Cha pili tafuta PR. Tairi za bei ya chini nyingi ni 4PR, zile za juu ni 6PR, yaani nguvu ya zile nyuzi nilizokwambia, 6 inabeba zaidi na haichomwi upesi na mawe. Karibu na hapo utaona namba mbili na herufi kama 50P. Hiyo 50 maana yake tairi moja inabeba kilo 190 ikiwa imejaa upepo wake sawasawa, na P ni mwendo usiozidi 150 kwa saa, ambao wewe na Boxer hamtaufika na msiujaribu. Ukikuta 45 hapo ni kilo 165. Watu wanaipita hii namba kama haipo, na kwa mtu wa chumvi hii ndio namba ya kwanza kutazama.

Hebu tupige hesabu ya mzigo wako. Pikipiki tuseme kilo 120, wewe 70, magunia mawili ya chumvi ya kilo 50 ni 100, jumla 290. Mzigo uko nyuma kwa hiyo chukua thuluthi mbili zinaangukia tairi ya nyuma, hapo ni 193. Ushapita 190 na hujamkalisha mtu. Ukiwa na abiria wawili wa kilo 70 badala ya magunia, jumla inakuwa 330 na nyuma ni 220. Sheria ya Kenya inasema abiria mmoja, najua na wewe wajua na askari wa pale kizuizini anajua, sitakuhubiria, nataka tu uone kwamba hata tairi imesema mmoja. Ukinunua ya kilo 165 ndio umeianzishia kazi ikiwa imeshashindwa.

Cha tatu tarehe. Tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne, ukiona 2319 hiyo imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata kama haijatembea, inakuwa ngumu, meno yapo marefu lakini haishiki lami, hasa mvua ikinyesha. Na hapa kwetu kuna tabia ya kuning'iniza tairi nje barazani ndio tangazo la duka, jua la Malindi linazipiga mwaka mzima na upepo wa bahari juu yake, halafu ikikaa sana bila kununuliwa inashushwa bei na watu wanafurahia. Mwambie akutolee ya ndani. Ikunje kidogo na kidole katikati ya meno, ukiona nyufa ndogondogo mrudishie, hata kama ni ya 2,000.

Jina la kampuni sitakuchagulia. Kuna za Kihindi kama MRF, CEAT na Eurogrip, kuna za Kichina nyingi, na nimeona nzuri na mbaya kote kote. Mtu wa 6PR, 50P na tarehe ya karibuni hajakosea sana, jina lolote lile.

Sasa pesa, hapa ndipo nataka utulie. Hukunambia unapiga kilomita ngapi, wacha tuseme 80 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 2,080. Tairi yako imekwenda kama miezi minne na nusu, yaani kilomita 9,360 kwa siku 117 za kazi. Ukichukua ya 2,800 ikaenda hivyohivyo, kila siku ya kazi inakula shilingi 24. Ukichukua ya 4,200 ikaenda miezi saba, siku 182, inakula shilingi 23. Ushaona? Mmekwenda sare. Wauza tairi ghali watakwambia "ghali ndio rahisi", wauza rahisi watakwambia "zote raba tu", na kwa hesabu hii wote wanakubishia juu ya shilingi moja kwa siku. Petroli pekee unakunywesha Boxer zaidi ya 300 kila siku, hulalamiki.

Tazama upande wa pili. Pancha tatu kwa wiki kwa soo ni 300, mwezi ni 1,200, gawanya kwa siku 26 unapata shilingi 46. Yaani pancha zinakula karibu mara mbili ya tairi. Na hapo sijaweka ile saa unayopoteza ukisukuma pikipiki juani, abiria akishuka akapanda ya mwenzio, gunia likibaki kando ya barabara na wewe huwezi kuliacha. Tairi iliyoisha ikikaa mwezi mmoja zaidi kwa sababu unaionea uchungu 2,800, pancha zinachukua karibu nusu ya hiyo 2,800 na bado huna tairi. Kwa hiyo swali la 2,800 ama 4,600 si kubwa kama unavyolifikiria, kubwa ni usingoje, na ukishafunga mpya usiiue na upepo.

Tuje basi kwa huo upepo. Umesema 45. Nani alikwambia 45? Boxer kama hiyo mbele ni kama 25, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa umebeba mtu, kitabu chake ndio kinasema hivyo, na kama kitabu kimepotea nyingi zina stika. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya upepo pia, ile ni kikomo usipite, haikwambii utie huo. Wengi hapa wanaamini mzigo ukizidi upepo uzidi, na kuna ukweli ndani yake ndio maana 28 inakuwa 32, lakini wao wanaruka mpaka 45 kisha hata wakirudi watupu ni hiyo hiyo 45. Tairi ikijaa kupita kiasi inavimba katikati kama mgongo wa ngamia, inakanyaga chini kwa kipande chembamba tu, na kipande hicho ndicho kinacholiwa. Pembeni raba iko nzima kabisa, katikati kipara. Umenieleza ugonjwa na dawa uliyokunywa katika sentensi mbili tofauti na hukuziunganisha. Kidogo kuisha katikati ni kawaida kwa tairi ya nyuma, manake lami ya kutoka kwenu kuja mjini imenyooka na pikipiki haijalala popote, lakini miezi minne na nusu ni mapema.

Na upepo mwingi unaongeza pancha pia, watu hawaamini. Tairi iliyokazika sana haibonyei, ikikuta jiwe kali, na mawe yetu ya matumbawe unayajua makali yake, ile ncha inaingia badala ya raba kujikunja ikapita juu. Kwenye changarawe inarukaruka, mkia unateleza. Ukitia kidogo mno nako kuna balaa lake, tairi inabonyea inapata joto, inaliwa pembeni, na ukigonga shimo rimu inabana tyubu, utaikuta na matundu mawili sambamba kama ameuma nyoka. Na kule mchangani Ngomeni najua watu wanatoa upepo ili wasizame, sawa, lakini ukirudi lami jaza papo hapo, manake tairi yenye upepo mdogo inateleza juu ya rimu ikivutwa na chaini, inakwenda na tyubu yake na valvu inang'oka. Tyubu iliyong'oka valvu haina kiraka, ni 500 nyingine.

Nunua geji yako mwenyewe. Ni shilingi chache ukilinganisha na haya yote, na zile za kwenye pampu nyingi zimeanguka chini mara ngapi hata mwenyewe hajui. Pima asubuhi kabla hujatoka, tairi ikiwa baridi, manake ikishatembea upepo unapanda wenyewe ukaona 36 ukadhani umezidisha ukatoa, kumbe ilikuwa sawa. Mara moja kwa wiki inatosha. Siku ya chumvi 32, na ukiona magunia mawili yanakufanya utamani 45, jibu ni gunia moja na safari mbili. Najua hutapenda kusikia.

Kwenye kuisha kwa tairi kuna jambo jingine ambalo halihusu upepo, nalo ni chaini. Kila unapokaza chaini unasogeza gurudumu la nyuma, na pale ekseli inapopita kuna alama kila upande. Upande wa kulia ukiwa kwenye alama ya tatu na wa kushoto ya nne gurudumu limekaa mshazari, pikipiki inakwenda mbele lakini tairi inaburutwa kidogo kila inapozunguka, inaliwa upande mmoja na sproketi zinaliwa pamoja nayo. Vijana wengi wanakaza upande wa chaini tu wanaondoka. Za kwako zimeisha katikati kwa hiyo sidhani ndio shida, ila ukifunga mpya angalia alama, na chaini iache icheze kama inchi moja ukiwa umekaa juu.

Na breki. Kama umezoea kukanyaga ya nyuma peke yake mpaka tairi ikaburuta, unaifuta tu raba kama mwalimu anavyofuta ubao, hapa sitaki hadithi ndefu, tumia na ya mbele.

Sasa kufunga, na hapa ndipo ile 300 inatofautiana na 200. Nilikwambia tyubu ya zamani katika tairi mpya uikatae. Tyubu ikikaa miezi imenyooka imekuwa kubwa kuliko ilivyozaliwa, ukiitia ndani ya tairi mpya ambayo haijalegea inapata mikunjo, mkunjo unasugua, unapasuka. Tena ya kwako ina viraka vitatu vya wiki hii pekee, unaitoa wapi hiyo imani? Tyubu mpya kila ukinunua tairi mpya, 400 ama 500 hiyo ndio usiibane.

Mwambie fundi akishatoa tairi akuoneshe rimu ndani. Kwenu Gongoni mnafanya kazi katikati ya chumvi na rimu za chuma zinaoza kutoka ndani, kutu inakuwa kama msumeno pale vichwa vya spoki vilipo. Nimeona watu wanabadilisha tyubu mbili mpya mfululizo wakimlaumu muuzaji, kumbe ni rimu inawachoma. Apige msasa mpaka ilainike, apake rangi ya kuzuia kutu kama una nusu saa ya kungoja ikauke, halafu avishe mkanda. Ule mkanda wa soo ni halali yake, lakini ukikatiwa kipande cha tyubu kuukuu chenye upana wa kutosha kufunika vichwa vyote nacho kinafanya kazi na ni bure, wala usione aibu kumwomba. Agongegonge spoki na spana moja moja, iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya ubao. Zilizolegea akaze kabla hajafunga tairi.

Wakati anafunga, kuna mambo ya kumwangalia bila kumsumbua. Apake maji ya sabuni mdomoni mwa tairi, asipake oili, oili inakula raba na inafanya tairi iteleze kwenye rimu, yale mambo ya valvu kung'oka. Atie upepo kidogo kwenye tyubu kabla ya kuiingiza ili iwe duara isikae kama kitambaa. Poda ya mtoto kidogo ndani ya tairi inasaidia tyubu ikae vizuri, mwenye nayo ni fundi anayejali. Pancha nyingi za siku ya pili baada ya kufunga tairi mpya hazina msumari, ni leva, kile chuma cha kutolea na kuingizia tairi, imebana tyubu, kwa hiyo ukimwona anatumia nguvu kama anang'oa mti mwambie pole pole, aingize mdomo wa tairi ndani kabisa kwenye bonde la rimu, na upande wa pili utalegea wenyewe, na asukume valvu juu kidogo kabla hajamaliza ili tyubu isibanwe chini. Mshale ubavuni uelekee linakozunguka gurudumu pikipiki ikienda mbele. Ukiona nukta ya njano ikae karibu na valvu. Kisha ajaze, atoe upepo wote, ajaze tena, hiyo inanyoosha mikunjo. Mwisho azungushe gurudumu, kuna mstari mwembamba ubavuni karibu na rimu, uwe umbali mmoja pande zote, ukiingia sehemu moja tairi haijakaa na utahisi mdundo kila ukitembea.

Ile nati ndogo ya valvu usiikaze mpaka chini kwenye rimu. Iache juu karibu na kifuniko. Tairi ikianza kuteleza valvu italala upande utaiona mapema, ukiikaza hutaona chochote mpaka ing'oke.

Kuna na ile dawa ya pancha ya maji wanayomimina ndani ya tyubu. Kwa mtu anayeingia njia za Marafa kwenye miiba si mbaya, mwiba mdogo inauziba hapo hapo. Lakini tyubu ikichanika kweli, ile dawa inatapakaa na kiraka hakishiki mpaka fundi aisafishe, na wengi watakutoza zaidi. Kwako wewe uliye lami kwa sana sioni haja.

Umeuliza kuhusu zote mbili. Hapana. Ya mbele haivutwi na chaini na haibebi mzigo mwingi, inakaa muda mrefu zaidi. Itazame tu, ubavuni kuna herufi TWI ama kipembetatu kidogo, fuata juu yake utaona kidaraja cha raba katikati ya mfereji, kimo chake milimita 0.8. Meno yakishakuwa sawa na hicho kidaraja imekwisha, usingoje iwe kipara. Ila kuna mtindo wa kuchukua ya mbele kuipeleka nyuma na ile kipara ya nyuma kuiweka mbele "imalizikie huko", huo usiufanye hata ukiwa huna senti. Nyuma ikiteleza unaweza kujiokoa na miguu, mbele ikiteleza uko chini kabla hujajua, na mvua za mwaka zikianza lami ile yenye mafuta na mchanga haina huruma.

Kama steji yenu mko watu kumi wenye Boxer ama pikipiki nyingine inayovaa 17, agizeni tairi pamoja Mombasa zije na lori la mizigo, bei inashuka kidogo kila mtu na mnachagua tarehe wenyewe. Mtu mmoja kuagiza moja haina maana, nauli inakula. Na ushukuru uko bara, wenzako wa Lamu kisiwani tairi inashuka Mokowe inapanda boti kwanza, kila mkono ulioishika unadai chake.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningekwenda kwa yule wa 4,600, nimwambie anipe 6PR yenye 50P ya ndani ya duka, tyubu mpya ya 17, mkanda wangu nimekuja nao, breki shuu nizione kwanza. Tairi 3,300, tyubu 500, mwambie kufunga 200 kama mwenzake, atasema 250, hapo umetoka na 4,000 ama 4,050. Kama mfukoni una 2,800 tu na hakuna njia, chukua ya sokoni, ile yenye tyubu mpya, mradi tarehe ni nzuri na gunia liwe moja, upepo 32, itakufikisha vizuri kuliko hiyo uliyo nayo. Ila usikope 1,400 kwa wale wa riba ya kila siku ili ununue ya juu, riba itapita hiyo tofauti kabla tairi haijachafuka.

Ukishafunga, kilomita 100 ama 150 za mwanzo nenda taratibu, usilaze pikipiki kwenye kona na usifunge breki ghafla, tairi mpya huja na utelezi wa kiwandani mpaka ngozi ya juu ikwanguke. Baada ya hapo rudi kwa fundi akuangalilie spoki na alama za chaini tena, hiyo ni kazi ya dakika 10 na fundi mstaarabu hakutozi.